Bunge la Ukarimu: Funzo Kutoka Kuwait

Ijumaa, Mei 10, 2024, Amiri wa Kuwait, Sheikh Mishal al-Ahmad Al Sabah, aliwahutubia watu wake kwa njia ya televisheni. Hotuba ilipomalizika, nchi hiyo ilikuwa haina bunge. Wabunge waliochaguliwa Aprili 4, majuma matano tu kabla ya siku hiyo, walipoteza viti vyao hata kabla ya kikao cha kwanza kufunguliwa. Baadhi ya vifungu vya katiba vilisimamishwa kwa muda usiozidi miaka minne, na kazi ya kutunga sheria ikawa ya Amiri na baraza lake la mawaziri.

Kwa mtazamaji wa mbali, hiki huenda kikaonekana kisa kidogo katika nchi ndogo. Sivyo hata kidogo. Kuwait ndiyo iliyokuwa kiranja wa demokrasia miongoni mwa falme za Ghuba. Katiba yake ilitangazwa Novemba 11, 1962, na bunge lake la kwanza likachaguliwa Januari 1963, miaka kumi kabla ya Bahrain kufuata nyayo zake. Iwapo bunge lenye mizizi ya zaidi ya miaka 60 liliweza kufungwa kwa hotuba moja, yafaa tujiulize: ni nini hasa kinachozuia maendeleo ya kisiasa katika falme za jadi za Kiarabu? Swali hili linawahusu walimu wetu wa historia na siasa, pamoja na wanafunzi wao, kwa sababu vitabu vingi hutufanya tuamini kwamba taifa likishapata katiba, elimu na utajiri, demokrasia itakomaa yenyewe kama embe mtini. Kuwait ilipata vyote vitatu. Embe halikuiva.

Hoja ya makala haya ni moja. Bunge lililotolewa na mtawala kama hisani, katika nchi ambayo hazina yake haijazwi na jasho la wananchi, huwa na sauti ya kulalamika lakini halina nguvu ya kujilinda siku mtoaji anapoamua kuchukua kilicho chake.

Tuanze na maneno, maana dola hujifichua katika majina inayojipa. Bunge la Kuwait huitwa “Majlis al-Umma”, yaani baraza la umma. Mabaraza ya Saudia, Qatar na Omani huitwa “Majlis al-Shura”. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwani “shura” ni ndugu wa maneno yetu shauri, ushauri na mashauriano. Baraza la umma hudai kuwa sauti ya wenye nchi. Baraza la shura limepewa kazi ya kushauri, na mshauri husikilizwa pale mwenye nyumba anapopenda kusikiliza. La Saudia lilianza kazi 1993, wajumbe wake wote wakiwa wameteuliwa na mfalme. Qatar ilichagua wajumbe wa shura mara moja tu, Oktoba 2021, nao walijaza viti 30 kati ya 45. Novemba 2024 kura ya maoni iliidhinisha kufutwa kwa uchaguzi huo, na uteuzi wote ukarudi mikononi mwa Amiri.

Litazame pia neno katiba. Sisi tumelijenga juu ya shina la Kiarabu lenye maana ya kuandika. Waarabu wenyewe husema “dustur”, neno lenye asili ya Kiajemi. Kuwait, Bahrain, Qatar, Yordani na Moroko zina “dustur”. Saudia mwaka 1992 na Omani mwaka 1996 zilipotoa sheria zao kuu, ziliepa jina hilo zikachagua “al-nizam al-asasi”, yaani utaratibu wa msingi. Kifungu cha kwanza cha sheria ya Saudia hueleza kwamba “dustur” ya ufalme ule ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Sunna za Mtume. Kwa hivyo waraka ulioandikwa na mfalme haukudai kuwa mapatano baina yake na watu wake. Ulikuwa maelezo ya jinsi nyumba yake inavyoendeshwa.

Kuwait ilithubutu zaidi. Kifungu cha 6 cha katiba ya 1962 husema kwamba mfumo wa utawala ni wa kidemokrasia na kwamba umma ndio chimbuko la mamlaka yote. Kifungu cha 4, hatua chache tu kabla ya hapo, husema kwamba uamiri ni urithi wa kizazi cha Mubarak Al Sabah. Msomaji makini atatambua kwamba vifungu hivi viwili ni mafahali wawili katika zizi moja. Historia yote ya siasa za Kuwait tangu 1963 ni historia ya mapigano yao.

Kabla ya kuifuata historia hiyo, sharti tuyaondoe njiani majibu matatu ambayo husikika mara kwa mara. La kwanza hudai kwamba kizuizi ni Uislamu. Jibu hili halisimami. Senegal na Indonesia, nchi ambazo raia wake wengi mno ni Waislamu, zimebadilisha marais kwa kura. Fauka ya hayo, sura ya 42 ya Qurani huitwa Ash-Shura, na wanaharakati wa Kiislamu nchini Kuwait wamekuwa miongoni mwa watetezi wakali wa bunge. Dini imetumiwa na kasri na imetumiwa na wapinzani wa kasri. Haiwezi basi kuwa ndiyo sababu ya upande mmoja kushinda.

Jibu la pili hulaumu utamaduni wa kikabila na desturi ya kumtii mkubwa. Lakini Mkuwait hana uhaba wa mazoea ya kujadiliana. Katika kila mtaa kuna “diwaniyya”, sebule ambamo wanaume hukutana jioni, wakinywa kahawa na kuzungumzia bei, ndoa na serikali. Neno hilo lina shina moja na neno letu diwani, cheo kilichobebwa na watawala wa miji ya Mrima hapo kale na, nchini Kenya, na wajumbe wa mabaraza ya mitaa hadi mfumo wa kaunti ulipoanza 2013. Bunge la Kuwait lilipofungwa 1986, ni katika diwaniyya ndimo harakati za kudai lirejeshwe zilimopikwa, hususan katika mikutano ya kila Jumatatu ya mwaka 1989 na mwanzoni mwa 1990. Makabila nayo yalijifunza uchaguzi upesi kiasi kwamba yalianza kufanya michujo ya ndani kabla ya siku ya kura, hata ikabidi sheria ya 1998 iipige marufuku.

Jibu la tatu ni ukosefu wa elimu. Chuo Kikuu cha Kuwait kilifunguliwa 1966, na kusoma na kuandika ni jambo la kawaida kwa wananchi wake. Kama elimu pekee ingetosha, Wakuwait wangekuwa mbali sana.

Tuyaweke kando majibu hayo na turudi mwaka 1938. Wakati huo Kuwait ilikuwa mji wa wafanyabiashara na wazamiaji wa lulu. Watawala wa ukoo wa Al Sabah walitegemea ushuru na kodi za matajiri wa bandarini, na matajiri hao walijua thamani yao: anayelipa ana haki ya kuuliza. Biashara ya lulu ilikuwa imeporomoka baada ya lulu za kufugwa za Kijapani kujaza masoko, na manung'uniko yalikuwa mengi. Julai 1938 wakuu wa jamaa mashuhuri walichagua baraza la wajumbe 14, likiongozwa na mtu wa ukoo huohuo wa watawala, Sheikh Abdullah al-Salim. Baraza lilifuta baadhi ya kodi na ukiritimba, likashughulikia shule, likadai kusimamia mapato ya nchi, yakiwemo malipo ya kampuni ya mafuta. Hapo ndipo mtawala wa siku hizo, Sheikh Ahmad al-Jabir, aliposema basi. Mnamo Desemba, baada ya miezi sita tu, baraza likavunjwa.

Mwaka huohuo wa 1938, mwezi Februari, mafuta yalikuwa yamegunduliwa Burgan. Vita Kuu vya Pili vilichelewesha uchimbaji, lakini mwaka 1946 shehena ya kwanza iliuzwa nje, na kutoka hapo mizani ikageuka. Mtawala hakuhitaji tena ushuru wa matajiri. Matajiri ndio waliohitaji zabuni za mtawala. Serikali ilinunua ardhi zao kwa bei kubwa na kuwapa nafasi za biashara, nao wakapunguza sauti. Wananchi wa kawaida walipata matibabu, shule, nyumba na ajira serikalini, bila kutozwa kodi ya mapato. Kwa miongo mingi takriban asilimia 90 ya mapato ya serikali imetokana na mafuta.

Kiarabu kina neno “bay'a”, yaani kiapo cha utii anachopewa mtawala mpya. Lina shina moja na neno letu bei. Hapo kale waliokubaliana utii walipeana mikono kama wafanyavyo muuzaji na mnunuzi wanapofunga biashara. Katika dola ya mafuta, maana hiyo ya kale imerudi kwa nguvu: mtawala hutoa neema, raia hutoa utii. Kuna na neno jingine, “makrama”, ambalo hutumiwa katika falme kadhaa kuelezea kipawa kitokacho kwa mfalme, kama vile nyongeza ya mshahara au kusamehewa madeni. Ni jamaa wa maneno yetu ukarimu na takrima. Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kinachoitwa ukarimu hakidaiwi mahakamani. Mgeni hawezi kumshtaki mwenyeji kwa kutokupikiwa pilau.

Bunge la 1963 lenyewe lilikuja kwa ukarimu wa namna hiyo, ijapokuwa ulikuwa ukarimu wa mtu mwenye busara. Sheikh Abdullah al-Salim, yule aliyeongoza baraza la 1938, ndiye aliyekuwa Amiri wakati wa uhuru wa Juni 1961. Iraq ilikuwa imedai papo hapo kwamba Kuwait ni sehemu yake, na Amiri alitambua kuwa nchi yenye watu wenye sauti ni ngumu kumezwa. Aliitisha baraza la kutunga katiba, akakubali walichokiandika. Wakuwait humkumbuka kwa heshima hadi leo, na wanastahili kufanya hivyo. Lakini tabia ya mtu mmoja si dhamana ya taasisi. Alifariki 1965, na mnamo Agosti 1976 bunge likafungwa kinyume cha katiba. Lilirejea 1981, likafungwa tena Julai 1986. Ilibidi Iraq iivamie Kuwait Agosti 2, 1990, na watawala wakimbilie uhamishoni, ndipo waahidi katika mkutano wa Jeddah wa Oktoba mwaka huo kuirejesha katiba. Uchaguzi ulifanywa Oktoba 1992. Tafsiri yake haina utata: bunge lilirudi wakati kasri ilipowahitaji wananchi kuliko wananchi walivyoihitaji kasri.

Huenda msomaji akauliza, mbona basi kati ya 1992 na 2024 bunge hili halikutumia fursa yake kujiimarisha? Jibu limo katika muundo wake. Wabunge wa kuchaguliwa ni 50. Waziri mkuu huteuliwa na Amiri, na hadi 2003 kwa kawaida alikuwa ndiye mrithi wa kiti cha uamiri. Mawaziri wengi hutoka nje ya bunge, lakini wote huketi ndani yake na kupiga kura. Vyama vya siasa havijaruhusiwa kisheria. Kila mbunge husimama peke yake au na kundi lisilo rasmi. Hakuna anayeweza kuwaambia wapiga kura, “Tuchagueni sisi, na hii ndiyo serikali tutakayoiunda.” Silaha aliyo nayo mbunge ni “istijwab”, haki ya kumwita waziri ajibu maswali, ambalo ni jamaa wa neno letu jawabu. Baada ya mahojiano waziri mmoja mmoja anaweza kukosa imani ya bunge na kuondoka. Waziri mkuu haondolewi kwa njia hiyo. Bunge likitangaza kwamba haliwezi kushirikiana naye, Amiri huamua kama atamfuta yeye au atalivunja bunge.

Chombo hiki basi kilipewa breki bila kupewa usukani. Mwenye breki peke yake hufanya jambo moja tu, kusimamisha gari, na akilifanya mara kwa mara abiria humchukia. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2024 Wakuwait walipiga kura mara nne. Sheria ya mikopo ya serikali ilikwama bungeni kwa miaka. Mawaziri walijiuzulu ili wakwepe kuhojiwa. Kisha kasri, ambayo ndiyo iliyoshika usukani muda wote huo, ikawageukia watu na kusema: mnaona, bunge ndilo linalotuchelewesha. Katika hotuba ya Mei 10 Amiri alisema hataruhusu demokrasia itumiwe kuibomoa dola, akawalaumu waliojaribu kuingilia haki yake ya kumchagua mrithi.

Uadilifu wanitaka niipe kasri haki yake, maana kesi yake ina mashiko. Dubai na Doha zilijengwa bila wabunge kuuliza maswali, na Mkuwait huziona kila anaposafiri. Fauka ya hayo, bunge halikuwa kila mara upande wa haki. Mei 1999 Amiri Jaber al-Ahmad alitoa amri ya kuwapa wanawake haki ya kupiga kura. Novemba mwaka huohuo wabunge, wote wanaume, wakaikataa. Wabunge wengi walijijengea majina kwa kuwatafutia wapiga kura ajira na matibabu ya nje, au kwa kudai serikali ilipe madeni ya watu binafsi. Mwanafunzi wa siasa asiyeyataja haya atakuwa anaandika tenzi za sifa.

Hata hivyo, tazama upande wa pili. Mei 2005 bunge hilohilo la wanaume liliupitisha mswada wa haki za wanawake kwa kura 35 dhidi ya 23, na 2009 wanawake wanne wakachaguliwa kuwa wabunge. Haki iliyopiganiwa kwa hoja hadi wapinzani wakashindwa kwa kura ina mizizi kuliko ile iliyoshushwa kwa amri. Januari 2006, Amiri Jaber alipofariki na mrithi wake Sheikh Saad al-Abdullah akawa mgonjwa asiyeweza kutawala, bunge lilipiga kura kumwondoa kwa mujibu wa sheria, na Sheikh Sabah al-Ahmad akashika hatamu bila tone la damu. Linganisha na Omani ya 1970 au Qatar ya 1995, ambako mwana alimpindua baba. Linganisha pia na Juni 1, 2024. Siku hiyo Sheikh Sabah al-Khalid alitangazwa kuwa mrithi wa Amiri. Kwa mujibu wa kifungu cha 4, mrithi huidhinishwa na bunge. Hapakuwa na bunge la kumwidhinisha.

Kuna wasomi waliokwisha kulieleza tanzi hili. Mwaka 1968 Mmarekani Samuel Huntington aliandika kwamba mfalme anayetaka kuleta mageuzi hujikuta njia panda: ili abadilishe nchi yambidi akusanye mamlaka, lakini mageuzi yakifaulu huzaa watu wanaoyataka mamlaka hayohayo. Huntington aliona wafalme wakiwa kwenye njia ya kutoweka, na alikuwa na mifano mbele yake: Misri 1952, Iraq 1958, Yemen 1962, sisi wa pwani hii tunaweza kuongeza Zanzibar, ambako sultani wa nasaba ya Omani aling'olewa Januari 1964, na mwaka mmoja tu baada ya kitabu hicho Libya nayo ikafuata. Mafuta yaliwapa wafalme waliosalia muda ambao Huntington hakuwahesabia. Mwaka 2011 viongozi wa Tunisia, Misri, Libya na Yemen walianguka. Hakuna mfalme hata mmoja wa Kiarabu aliyepoteza kiti. Bahrain, ambako maandamano yalitikisa nchi, ilipata askari kutoka Saudia na Falme za Kiarabu mwezi Machi mwaka huo. Majirani, basi, ni kizuizi kingine: ufalme mmoja ukielekea kuyumba, mingine huusimamisha.

Falme zisizo na mafuta hutusaidia kuipima hoja yetu. Yordani hutegemea kodi na misaada. Aprili 1989 serikali ilipopandisha bei za mafuta ya petroli ili kutimiza masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ghasia zilizuka mjini Ma'an na kuenea. Novemba mwaka huohuo Mfalme Hussein aliitisha uchaguzi mkuu wa kwanza tangu 1967. Moroko, yenye vyama vya siasa na vyama vya wafanyakazi vyenye historia ndefu, ilipata mwaka 2011 katiba ambayo humlazimisha mfalme kumteua kiongozi wa serikali kutoka chama kilichoshinda. Anayelipa huuliza, na anayeulizwa hulazimika kutafuta jibu.

Lakini tusiifanye kodi kuwa dawa ya kila ugonjwa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2016, kiongozi wa chama kilichoshinda nchini Moroko, Abdelilah Benkirane, alihangaika miezi mitano bila kufanikiwa kuunda serikali. Machi 2017 mfalme akamteua mwingine wa chama hichohicho. Saudia ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 Januari 2018, ikaipandisha hadi 15 Julai 2020, bila kura ya mtu yeyote na bila bunge. Kodi humpa mwananchi sababu ya kuuliza. Haimpi mahali pa kuulizia, wala wenzake wa kuuliza nao, wala sheria inayomlinda baada ya kuuliza. Hayo hutokana na vyama, magazeti, mahakama na jumuiya ambazo watu wamezijenga wenyewe kwa miaka na ambazo haziwezi kuzimwa kwa hotuba.

Limesalia neno moja la kulichunguza, nalo ni raia. Tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako “ra'iyya” lilikuwa kundi lichungwalo, kisha watu walio chini ya mtawala, naye mtawala akaitwa mchungaji wao. Kiarabu cha kisasa kimejitungia neno jingine, “muwatin”, kutokana na “watan”, yaani nchi ya mtu. Kiswahili nacho kina raia, na kando yake kina mwananchi. Kwetu raia amepanda cheo, hata twamwita raia mwenye haki zake zote. Katika Ghuba vita baina ya maneno haya mawili havijaisha. Tangu 2024 serikali ya Kuwait imewavua uraia makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wanawake waliokuwa wameupata kwa kuolewa na Wakuwait. Mtu aliyelala mwananchi aliamka mgeni. Bunge ambalo lingemwita waziri ajibu halikuwepo. Hapo twaona kwamba ukarimu, ukishakuwa msingi wa dola, haukomi kwenye nyumba na mishahara. Hata jina la mtu na nchi yake hugeuka kuwa vipawa viwezavyo kunyang'anywa.

Chini ya hao kuna wengine wengi zaidi. Takriban thuluthi mbili ya wakazi wa Kuwait ni wageni, na miongoni mwao wamo Wakenya: watumishi wa nyumbani, walinzi, madereva. Wako chini ya mfumo wa “kafala”, ambao hufunga kibali cha mgeni kwa mwajiri wake, na ambao jina lake ni jamaa wa neno kafili, mdhamini. Hawa hawamo katika mapatano ya neema kwa utii. Hutoa kazi na utii, hupokea mshahara, na neema hupita kando yao. Familia nyingi nchini mwetu zinaujua mfumo huu kwa simu za usiku kutoka kwa mabinti zao. Tukumbuke kwamba taifa ambalo wananchi wake wenyewe hawana pa kuulizia ni vigumu kumpa mgeni pa kulilia.

Je, Wakuwait wakate tamaa? Sidhani. Mwaka 1938 walishindwa, na mtu aliyekuwa ameshindwa nao akawaandikia katiba miaka 24 baadaye. Walifungiwa bunge 1976 na 1986, wakalirudisha mara zote mbili. Lakini kila lilipofunguliwa lilifunguliwa na mkono uleule uliokuwa umelifunga, kwa masharti yaleyale: hakuna vyama, hakuna serikali itokanayo na kura, hakuna mlipaji wa hazina isipokuwa kisima. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kazi iliyo mbele yao ni kuhakikisha kwamba bunge likirudi, linarudi na usukani, na kwamba waziri mkuu anatoka miongoni mwa watu waliochaguliwa, ili wapiga kura wajue ni nani wa kulaumiwa pale gari linapokwama.

Mwaka 2028 utaleta mitihani miwili katika Ghuba, nami nawaomba walimu wauweke katika kalenda zao. Wa kwanza ni wa Kuwait, kwa kuwa miaka minne iliyotajwa na Amiri itakuwa imetimia. Wa pili ni wa Omani. Juni 2025 Sultani Haitham bin Tariq alitoa sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi, ya kwanza ya aina yake miongoni mwa falme za Ghuba: asilimia 5 kwa wenye kipato cha zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Watakaoguswa ni wachache, na kiwango ni kidogo. Lakini kwa mara ya kwanza Mwomani mwenye mali atafungua mkoba wake kwa ajili ya dola, na haitachukua muda kabla ya mmoja wao kuuliza fedha zake zimefanya nini. Wanafunzi wa siasa wasikilize swali hilo litaulizwa wapi na litajibiwa na nani. Likijibiwa katika baraza la shura, huenda siku moja baraza hilo likalazimika kutafuta jina jingine.